Nenda na Kigugumizi Chako Dodoma

Utemini, Singida
Jumanne mchana

Mwanangu Tumaini,

Mama yako atakupa barua hii ukishakaa kwenye kiti ndani ya basi. Nimemkataza kukupa kabla, maana nakujua, ungeipata nyumbani ungeichana. Tangu Jumapili hujanisalimia, na leo asubuhi umenipita uani na ndoo yako kama unapita nguzo ya umeme. Sijakasirika. Ila siandiki kuomba msamaha. Kama ndicho unachokitafuta humu, ikunje uweke kwenye mkoba ulale mpaka Dodoma.

Saa hizi uko kwa Rehema unasukwa. Begi langu liko mlangoni, maana lazima leo nilale Mkiwa kazini, kesho mapema mashine ya alizeti inawashwa. Ningeweza kukusubiri tuongee ana kwa ana, lakini unajua tunavyoongea mimi na wewe. Wewe unakwama, mimi nakwama, mama yako anatumalizia wote wawili, na mwisho tunakuwa tumesema aliyotaka yeye. Kwa kalamu sikwami.

Habari za vyeti na nakala zake, viatu, kufika mapema, kungoja mpaka uambiwe ukae, hayo mama yako na mjomba wako Yona wameshakueleza mpaka umechoka. Sina la kuongeza. Usaili wa kuandika umeupita, kwa hiyo hao watu wa hospitali wanajua kwamba kazi ya maabara unaiweza. Sasa wanakuita wakusikie. Ndicho kinachokutisha, na una haki ya kutishika.

Wewe umekua ukiambiwa kwamba baba yako alifanya usaili zamani akakosa bahati. Mama yako ndiye aliyelichagua hilo neno, bahati. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Kiomboi, kijana mwembamba mwenye kigugumizi kibaya kuliko chako. Chako kinakuja na kuondoka. Changu enzi hizo kilikuwa kimehamia. Ikatangazwa nafasi ya karani wa ghala kwenye kampuni moja iliyokuwa inanunua alizeti hapa mjini. Hesabu nilikuwa naziweza, mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nikaomba, nikaitwa. Babu yako, ambaye hukumkuta, alinivalisha koti lake la kanisani akaniambia, "Ukifika huko usiongee sana." Aliamini ananisaidia.

Nilijiandaa kwa bidii, mwanangu. Hakuna mtu aliyewahi kujiandaa kama mimi. Lakini nilijiandaa kukwepa. Kila neno lililokuwa linanikaba nililitafutia lingine laini la kukaa mahali pake. "Kazi" nikaigeuza "shughuli." "Kampuni" ikawa "ofisi hii." "Kwa sababu" nikaitupa kabisa, nikaweka "maana." Nikakariri majibu yote hivyo, yamenyooka, hayana mfupa hata mmoja. Nikapanda basi la Singida nikiwa najisikia mjanja.

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mwanaume mnene mwenye sauti nzuri kama ya redioni. Kulikuwa na mama mmoja wa miwani, na kijana wa kuandika. Niliwasalimia vizuri, nikakaa vizuri. Mwenyekiti akaniuliza swali rahisi kuliko yote.

"Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Nilikuwa nimepanga kuanza na "maana." Lakini yeye alisema "kwa nini," na mdomo wangu ukaenda wenyewe kwenye "kwa sababu." Nikafika kwenye "kw" nikagota. Nikarudia. Nikagota. Shingo ikakaza, macho yakanitoka, unajua mwenyewe inavyokuwa. Kijana akaacha kuandika akawa ananiangalia mdomoni. Mama wa miwani akainamia karatasi zake, mabega yakimtikisika.

Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia yule kijana akamwambia taratibu, "Andika kwamba bado anawasha gari."

Hapo wakacheka wote, na mama wa miwani akalazimika kuzivua afute machozi. Halafu mwenyekiti akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Kijana, tusicheleweshane. Nenda nje ukaimalizie hiyo sentensi. Ukiimaliza, rudi."

Na mimi, Tumaini, nikatoka. Nikasema "asante," neno ambalo halijawahi kunikwama maishani mwangu, nikafunga mlango polepole.

Sikuelewa kwamba ni mzaha. Kulikuwa na benchi ukutani, nikakaa nikaanza kuifanyia kazi ile sentensi. Wenzangu wakawa wanaingia na kutoka. Dada mmoja akasogea mbali nami kidogo, nadhani alifikiri nina wazimu, maana nilikuwa naongea na magoti yangu. Jua likanihamia miguuni. Nikaanza kuiweza. Nikaisema nzima, nikaisema tena, nikajipangusa jasho na mkono wa koti la baba nikangoja kuitwa.

Wasaili wakatoka. Mwenyekiti alipita mbele yangu na funguo mkononi, akaniambia, "Habari yako, kijana," kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Nikasimama. Nilidhani ananiita. Akapanda gari lake.

Akaja mlinzi. "Mbona wewe bado uko hapa?"

Nikamjibu, "Kwa sababu kazi ya ghala naijua vizuri, na mimi ni mtu mwaminifu."

Yote, bila kukwama hata mahali pamoja. Mlinzi akaniangalia juu mpaka chini.

"Sawa, nimekusikia," akasema. "Haya inuka, nafunga geti."

Nimeishi na siku ile muda mrefu kuliko nilivyoishi na mama yako. Miaka mingi niliamini kwamba walioniumiza ni wale watatu. Niliwaombea mabaya, tena kanisani, nimepiga magoti. Siku hizi nawaona wa kawaida tu. Watu hucheka. Waliosoma wanacheka kama wasiosoma, tofauti yao wanajifunika na karatasi. Kilichonimaliza ni kwamba niliambiwa nitoke, nikatoka. Hakuna aliyenishika mkono. Ningebaki kwenye kile kiti nikakwama, nikakwama, mpaka nikafika mwisho wa sentensi yangu, kazi wangeninyima vilevile. Lakini wangeninyima baada ya kunisikia.

Baada ya hapo sikuomba tena kazi inayohitaji mdomo. Nikaenda Mkiwa kwa Mzee Hamisi, kwenye mashine ya kukamua alizeti, na unajua kwa nini niliipenda? Makelele. Pale hakuna mtu anayeongea. Ukitaka gunia unanyoosha mkono, ukitaka mashine izimwe unapunga kofia, na bubu na mwenye ulimi wa dhahabu ni kitu kimoja. Na siku moja, nikiwa namimina alizeti, nikajikuta naongea mwenyewe, na sikwami. Ile mashine ikiwa inanguruma kiasi kwamba sijisikii, maneno yanatoka kama maji. Mpaka leo. Nimetoa hotuba nyingi nzuri kule Mkiwa, mwanangu, na wasikilizaji wangu ni mashudu ya alizeti.

Halafu ukazaliwa wewe, ukaanza kuongea mapema, tukafurahi, na kabla hujaanza shule nikakusikia uani ukimwambia mama yako "m-m-maji." Niliweka chini nilichokuwa nimeshika nikatoka nje ya nyumba. Nilijua ni changu. Macho umechukua ya mama yako, rangi umechukua ya mama yako, kwangu umekuja kuchukua hicho.

Na tulikulea kwa huruma, ndilo kosa letu. Unamkumbuka mwalimu wako wa darasa la tatu aliyekuwa anakuruka zamu ya kusoma kwa sauti? Wewe ulikuwa unarudi umefurahi. Sisi tukampelekea kuku kumshukuru. Leo nikimkumbuka yule kuku naona aibu. Tulimlipa mtu akufundishe kwamba zamu yako inaweza kurukwa, nawe ukatulia.

Sasa nije kwenye Jumapili.

Nilikuwa nimeliandaa lile swali wiki nzima kule Mkiwa. Nililitunga na kulirudia ndani ya kelele za mashine, likanyooka. Nikaja nalo. Ulipokaa kwenye kile kiti cha plastiki mbele yetu watatu kufanya mazoezi ya usaili, mjomba wako Yona akakuuliza maswali yake ya upole, na kila ulipokwama akawa anaitikia kwa kichwa na kukutajia neno. Mama yako vivyo hivyo. Nikaona tunarudia yale ya kuku. Nikamwambia Yona anyamaze. Ndipo nikasema:

"Daktari anapiga simu maabara. Mgonjwa anatoka damu, daktari anataka kujua kundi lake la damu. Wewe umepokea simu, uko kwenye k-k-k-k. Mgonjwa amekufa. Tukuajiri wewe ili iweje?"

Nilikuiga. Nilikunja na shingo. Na nililisema lote bila kukwama mahali ambapo sikutaka kukwama, na hapo ndipo niliona uso wako unavyobadilika. Hukuwahi kunisikia naongea hivyo. Maisha yako yote baba yako hakuwahi kukusemea sentensi moja iliyonyooka, na ya kwanza ikawa ile.

Nimejiuliza ilitoka vipi bila mashine. Nadhani ni kwa sababu haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya yule mwenyekiti. Nimekaa naye kifuani miaka yote, siku hiyo nikamkalisha sebuleni kwetu ili umwone.

Ukasimama, ukatoka nje. Mama yako akaniambia, "Wewe baba ni mkatili." Nikamwambia ndiyo. Yona akasema mtoto ataumia. Nikasema aumie hapa, kwenye kiti cha kwao, mbele ya watu watakaompa chakula jioni.

Lakini usinielewe vibaya kuhusu kilichoniuma mimi. Ulivyolia sikuumia sana. Niliumia ulipofungua mlango. Kwa sababu ulifanya kilekile.

Wanaweza kukuuliza swali hilohilo Dodoma, tena si kwa ubaya. Ni swali la haki. Mtu wa maabara anatakiwa aseme na asikike. Jibu lake mimi silijui, mimi najua alizeti. Lakini mama yako ameniambia kwamba jana jikoni alikuuliza ungemjibu nini baba yako, ukasema: "Ningemwambia majibu ya damu yanaandikwa pia, hayaishii kwenye simu. Na nikikwama, nakwama nikiwa na kundi lililo sahihi. Daktari anisubiri pumzi mbili, ni bora kuliko kuambiwa haraka kundi lisilo la mgonjwa." Mama yako anasema ilikuchukua muda kulimaliza hilo, na kwamba alijiuma mdomo asikusaidie. Mshukuru kwa hilo. Imemgharimu.

Basi jibu unalo. Linakaa jikoni kwa sasa. Lipeleke mezani kwao.

Mimi naweza kukupa mawili tu, nayo nimeyapata kwa kukosea. La kwanza, usibadilishe maneno. Neno likikukaba, kaa nalo hapohapo mpaka liachie. Mimi nilijaza mdomo maneno ya kuazima, na hata wangenichukua wangekuwa wamemchukua mtu mwingine. Na wewe kazi yako haina maneno ya kubadilisha. Mtu wa maabara anayesema neno lingine kwa sababu lile sahihi linamkwama, huyo mimi nisingempa mkono wangu achome sindano.

La pili, usiwaache wagundue. Ukishakaa, kabla hawajakuuliza chochote, waambie mwenyewe: "Nina kigugumizi. Nitajibu kila swali mpaka mwisho. Naomba mnisubiri." Ukikwama ndani ya hayo maneno yenyewe ni vizuri tu, watakuwa wameelewa haraka zaidi. Kisha waangalie usoni wakati umekwama. Najua ni kazi. Ukikwama macho yako yanakimbilia sakafuni, kama yangu. Yarudishe. Akicheka mmoja, mngoje amalize kucheka, uendelee pale ulipoishia, usianze upya. Na wakikuambia utoke kabla hujamaliza, waambie hujamaliza.

Wanaweza wasikuchukue. Sitakudanganya, ungenijua. Unaweza kufanya yote haya, ukayafanya vizuri, na kiti wakampa msichana mwenye ulimi mwepesi aliyepata alama ndogo kuliko zako, na wakalala usingizi mzuri. Sina dawa ya hilo.

Leo asubuhi nilipita dukani kwa Mangi hapo kona. Unajua anavyokufanyia, hujafungua mdomo sawasawa yeye ameshakutajia sabuni, chumvi, kiberiti, na wewe unatikisa kichwa tu kama mbuzi mpaka apatie. Nikakuta amenuna.

"Mzee Petro, binti yako siku hizi ana kiburi," akaniambia.

"A-amefanya nini?"

"Jana kaja hapa, namtajia vitu kama kawaida, kaninyooshea mkono hivi. Anasema nisubiri, hajamaliza. Foleni yote imesimama! Watu wananiangalia mimi! Kumbe alichokuwa anataka ni mafuta ya taa tu."

"Ukasubiri?"

"Sasa ningefanyaje?"

Nilinunua sabuni ambayo hatuihitaji ili anisimulie tena kuanzia mwanzo. Kwa hiyo jana, ukiwa umeninunia na hutaki hata kuniona, ulikuwa umeanza. Endelea kuninunia. Nitavumilia.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo litakalokuudhi kuliko la Jumapili. Mzee Hamisi alikuwa amekuwekea nafasi pale mashineni, kwenye mizani. Najua alikuambia, na najua ulikuwa umeiweka akilini, kwamba Dodoma wakikukataa utarudi upime alizeti pembeni ya baba, mahali ambapo hakuna anayemsemesha mtu. Wiki iliyopita nilimwambia ampe mtu mwingine. Akanishangaa, akaniuliza kama wewe umekubali. Nikamwambia hujaulizwa. Ameshampa kijana mmoja wa palepale Mkiwa, ameanza kazi. Shangazi yako Eliza naye nimeshamweleza kwamba huendi kwake kulala siku mbili, unaenda kukaa. Wakikuchukua, vizuri. Wasipokuchukua utatafuta pengine ukiwa hukohuko, na pengine tena. Chumba chako hapa mama yako anataka kumpangisha mwanafunzi. Hilo nalo ni wazo langu, yeye alilia.

Ukifika hapa kwenye barua nadhani mtakuwa mmeshapita Ikungi. Basi lenu litasimama Mkiwa kupakia watu. Mlango wa mashine unaonekana vizuri kutoka barabarani, na mimi nitakuwa nimesimama pale, nimejaa vumbi, kofia mkononi. Utataka kushuka, labda unitukane, labda unikumbatie. Usishuke. Ukishuka utalia, na nikikuona unalia karibu hivyo nitasema twende nyumbani, najijua. Nimekuwa mkatili wiki moja tu, sina akiba ya wiki ya pili.

Wauza asali na vitunguu watakuja dirishani. Mwite mmoja umuulize bei wewe mwenyewe, mpaka mwisho, hata kama konda anapiga kelele. Nitaona mdomo wako kutoka nilipo. Sitasogea.

Baba yako,
Petro Msengi